Arubaini ya Maram Jabalini

Siku hizi watu wa Maskati wamepatwa na wazimu wa nyumba za jabalini. Mtu ana nyumba yake nzuri Qurum, bahari anaiona akiwa kitandani, lakini hatulii mpaka awe na kijumba Jabal Akhdhar, kule juu ambako mwezi wa Januari maji yanaganda ndooni na mtu akisema neno linamtoka na moshi. Wanakwenda kupunga baridi, ati. Haya, waende. Ila kabla hawajapakia mablanketi garini, wanampigia simu Bi Mahfoudha.

Juzi kapiga Buthaina, mke wa mtu mwenye nafasi yake, sauti imejaa furaha.

"Bi Mahfoudha, hita tumenunua, mazulia tumenunua, soksi za sufi tumenunua. Kuna kingine?"

"Mkaa mnao?"

"Tunao, gunia zima. Wa mishikaki."

"Basi mkaa ukae nje, na mishikaki ichomwe nje."

"Na ule kidogo tu wa chetezo, wa kufukizia udi?"

"Nimesema nje, Buthaina. Usinipigie hesabu ya kidogo na kingi. Halafu bomba la nje livisheni sponji, tangi lifunikeni, na ikifika magharibi mfereji mmoja uachieni utoe maji kwa uzi mwembamba, yasisimame yakaganda. Nyufa zibeni, lakini dirisha moja liacheni wazi upana wa kidole. Na yeyote atakayeona jambo silo humo ndani, hata awe mkweo, aseme. Asione haya."

Buthaina akacheka. "Mbona umekuwa mkali siku hizi?"

"Si ukali, mwanangu. Nimechoka."

Na kuchoka kweli amechoka, hasemi uongo. Bi Mahfoudha hakusomea nyumba wala mabomba. Kazi yake tangu ujana ni kukanda wazazi. Katika familia hizi za Waomani waliorudi kutoka Unguja na Pemba na bara, mwanamke akijifungua haachwi hivi hivi. Atafutwe mtu wa kukaa naye siku arubaini, amkande kwa maji ya moto, amfunge tumbo, ampikie uji wa pilipili manga na supu ya kuku, na amlaze juu ya kitanda cha kamba huku chini ya kitanda kumewekwa jiko la mkaa uliokwisha shika vizuri, joto lipande mpaka kwenye kiuno. Ndivyo walivyofanyiwa mama zao, na mama wa mama zao. Na hapa Maskati, ukiuliza nani anayejua kazi hiyo hasa, utatajiwa Mahfoudha wa Madinat Sultan Qaboos, anayekaa kwa mwanawe Badr.

Watu humwona akiingia nyumba ya watu na kikapu chake, buibui limempauka, wakadhani ni kazi ya kukaa kitako na kunywa kahawa. Ee, wajaribu! Mkandaji hulala chini, kwenye kigodoro karibu na mlango, sikio moja kwa mzazi na jingine kwa mtoto. Mtoto akilia yeye ndiye wa kwanza kuinuka. Mzazi akitaka maji, yeye. Mama mkwe akija na maneno yake, yeye ndiye wa kuyapokea na kuyameza. Arubaini ikimalizika anarudi kwa Badr, hajapumzika vizuri simu inalia, kuna mwingine kajifungua. Viganja vyake vimekuwa vigumu kwa maji ya moto, magoti yanalia kila akiinama, na usingizi wake mpaka leo ni wa vipande vipande.

Sasa, habari ya jabali.

Katika wote aliowakanda, mmoja alikuwa rafiki yake wa roho, Jawaher. Jawaher alikuwa na miguu ya baridi hata mwezi wa Juni, mwezi ambao Maskati ukigusa mlango wa gari unaungua. Mahfoudha alipokuwa akimkanda kwa uzazi wa bintiye Maram, Jawaher alikuwa akinyoosha miguu yake nje ya kitanda na kumbandika mwenziwe shingoni, basi mmoja anapiga kelele na mwingine anacheka mpaka mishono inamuuma. Kisha miaka ikapita, Jawaher akaugua maradhi yale ambayo watu hawayataji kwa jina. Siku moja pale hospitali akamshika Mahfoudha mkono.

"Maram akizaa, mkande wewe. Usimwachie mtu mwingine."

"Nimekubali," akasema Mahfoudha. Jawaher hakumaliza mwezi.

Maram akaolewa na Loai, kijana mpole, fundi mkubwa wa umeme katika hoteli moja ya huko jabalini. Mimba ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ikakaa, akazaa mtoto wa kike mdogo lakini mzima, wakamwita Jawaher kwa jina la bibi yake. Ilikuwa Januari. Loai hakupewa ruhusa ya kushuka, na Maram hakutaka kukaa mbali na mumewe. Akapiga simu Maskati.

"Bibi, utakuja? Huku baridi, nakwambia mapema."

"Nitakuja, mwanangu. Baridi ni kitu gani?"

Badr alighadhibika. "Mama, magoti hayo! Jabali lile? Kuna wakandaji wengine."

"Wapo. Lakini aliyekubali ni mimi."

Badr anamjua mama yake. Akafunga kitanda cha kamba juu ya gari, maana Mahfoudha haendi kwa mzazi bila kitanda chake, akatia kikapu, madumu ya mafuta ya nazi, doti za kanga na gunia la mkaa, wakaanza safari. Pale chini ya jabali penye kizuizi cha polisi, askari alikizunguka kile kitanda, akakitazama miguu na kamba.

"Hajja, huko juu hoteli zina vitanda," akasema kwa Kiarabu.

"Vya kwao havina joto," akajibu Mahfoudha, na askari akacheka akawafungulia njia.

Nyumba ya Loai ilikuwa ya mawe, peke yake pembeni ya bustani ya makomamanga iliyobaki vijiti vitupu. Upepo ulikuwa unaingia kwenye madirisha ya mbao na kutokea mlangoni bila ya kubisha hodi. Mahfoudha aliposhuka garini alihisi baridi imempanda kutoka kwenye nyayo ikamkaa magotini, ikatulia humo humo. Akachukua kikapu chake akaingia ndani. Alipomwona Maram amejikunyata na koti kubwa la mumewe, mtoto kifuani, uso umemwiva kwa baridi, alisahau magoti.

"Loh, mwanangu! Wamekuleta kwenye jokofu!"

Badr alipoondoka, Loai akamtembeza mgeni ndani ya nyumba, akimwonyesha kwa adabu zote.

"Bibi, huu mfereji wa jikoni usiufunge kabisa ikifika jioni. Uache utoe maji kidogo, la sivyo bomba la nyuma litaganda."

"Haya."

"Na hita hii iwashe, lakini usiwashe pamoja na birika la umeme, umeme utakatika."

"Haya, babu."

Alisema haya, lakini moyoni hakukubali hata moja. Maji yamwagike bure toka jioni mpaka asubuhi? Yeye amekulia nyumba ambayo ndoo ya maji ilibebwa kichwani, na Mungu atakuja kumuuliza habari ya israfu. Na ile hita, aliitazama kwa dharau. Joto la waya! Linakausha maziwa ya mzazi, kila mwenye akili anajua. Jioni ile Maram alipokuwa ananyonyesha, Mahfoudha alipita jikoni, akasikia ule uzi wa maji unalia kwenye beseni, akaunyonga mfereji barabara mpaka ukanyamaza.

Asubuhi yake, kabla ya kufanya jambo jingine, akaamua kupambana na upepo. Akatoa kanga zake, akazipinda, akazisokota, akaziba kwa kisu kila ufa wa dirisha. Doti nzima aliitandika chini ya mlango wa chumba. Na lile dirisha dogo ambalo Loai huliacha wazi kidogo, hilo alilifunga kwa komeo na kuliwekea mto juu yake. Alipomaliza akasimama katikati ya chumba akanyoosha mkono hewani. Kimya. Hakuna upepo hata wa kutikisa uzi. Alifurahi kwa kazi yake, na Maram naye akafurahi, akavua koti kwa mara ya kwanza.

Kisha akawasha jiko nje, akalipepea mpaka makaa yakawa mekundu bila moshi, kama ipasavyo, akaliingiza ndani na kulisukuma chini ya kitanda cha kamba.

Loai alikuwa mlangoni anavaa viatu vya kazi. Aliliona lile jiko. Alitazama madirisha, akatazama jiko tena, akafungua mdomo. Mahfoudha alimwona, akangoja aseme. Kijana akaufunga mdomo, akainamisha kichwa.

"Kwaherini, bibi," akasema, akaenda zake.

Tuseme kweli, Mahfoudha alilipenda lile jambo. Alisema moyoni, huyu kijana amelelewa.

Asubuhi ikaenda vizuri mwanzo wake. Maram alikandwa, akafungwa tumbo, akanywa uji, akalala juu ya kamba na joto linampanda mgongoni. "Bibi, raha hii," alisema. "Mama alikuwa akinihadithia." Mtoto alikuwa pembeni yake, amefungwa vizuri na kanga.

Baadaye kidogo Maram akasema kichwa kinamgonga.

"Ni maziwa yanapanda," akasema Mahfoudha.

Naye mwenyewe kichwa kilikuwa kinamuuma, kinamfunga kwenye kipaji kwa nguvu. Akasema ni jabali, watu wa pwani hawakuzoea kupanda juu namna hii. Maram akasema anahisi kutapika. Mahfoudha akasema baridi imemwingia, ya jana ile, haijatoka bado. Na dawa ya baridi iliyoingia ni nini? Akaenda nje akaleta makaa mengine, akaongeza jikoni.

Akaona amtengenezee chai ya tangawizi. Akaenda kwenye mfereji, akaufungua. Hautoi. Akaunyonga huku na huku. Ukakohoa, ukatoa tone, ukanyamaza. Hapo ndipo alipoyakumbuka maneno ya Loai, na aibu ikamshika. Atarudi mwenye nyumba akute hakuna maji, na yeye ndiye aliyefunga! Birika lilikuwa na maji ya moto yaliyobaki ya kukandia, aliyoyateka tangu jana. Akalichukua, akachukua na kitambaa, akatoka nyuma ya nyumba kulitafuta hilo bomba kabla Loai hajarudi.

Bomba lilikuwa limetambaa ukutani, upande ambao jua halijafika, limevaa ukungu mweupe. Alilizungushia kitambaa akalimwagia maji ya moto pole pole, kidogo kidogo, magoti yamepigwa na baridi mpaka hayasikii. Alikuwa akinung'unika peke yake. Mzee mzima anaosha bomba kama mtoto mchanga. Badr angeniona leo. Akangoja, akamwagia tena, akangoja.

Na hapo, akiwa ameinama kwenye baridi ile, akagundua kuwa kichwa kimeacha kumuuma.

Hakulitia maanani mwanzo. Akasikia maji yanakwaruza ndani ya bomba, akashukuru, akajinyoosha, akarudi. Alipofungua mlango wa chumba, ile doti ya kanga ikikwaruza chini, joto likampiga usoni, na kabla hajafika kitandani kichwa kikaanza tena, pale pale kwenye kipaji. Akasimama. Nje kichwa kizima, ndani kichwa kinauma. Mtu hupandaje jabali na kushuka kwa hatua chache vile? Akamtazama mtoto. Mtoto huyu, ambaye ukimfungua tu kanga anapiga kelele nyumba nzima, alikuwa amelegea, mdomo wazi kidogo, na uso wake umekuwa na rangi asiyoijua.

"Maram!"

Maram alifungua macho nusu. "Bibi, miguu siisikii," akasema, kisha akafumba.

Bi Mahfoudha hakuwa na jina la kitu kilichokuwemo mle. Alijua tu kwamba kimo ndani na lazima kitoke, au watoke wao. Alimchukua mtoto akakimbia naye nje, magoti hayo hayo, akamlaza juani juu ya baraza kwenye kikapu cha nguo. Akarudi. Akaliburuta jiko kwa mikono mitupu, likamuunguza, akalirusha uani makaa yakatawanyika. Akang'oa kanga madirishani moja baada ya moja, ule mto akautupa, akafungua kila komeo. Kisha akamshika Maram chini ya makwapa. Binti mzima yule, mrefu kuliko yeye! Alimshusha kwenye blanketi, akavuta, akapumzika, akavuta, mpaka wakatokea barazani. Alikuwa analia kwa sauti, anamwita Jawaher aje amsaidie. Hakujua anamwita yupi, marehemu au mtoto.

Upepo wa jabali, ule ule aliokesha akiuchukia, ukawapuliza wote watatu. Mtoto akapiga chafya. Akavuta pumzi. Akalia.

Sijui kama kuna sauti iliyowahi kumfurahisha Mahfoudha kuliko kile kilio, na amesikia vilio vingi vya watoto maishani mwake. Alimpigia simu Loai, akashindwa kusema, akaiweka simu karibu na mtoto. Loai alikuja na gari la hoteli, wakateremka jabali mpaka hospitali ya chini, Maram akiwa amelala kiti cha nyuma na madirisha yote wazi.

Daktari aliwavisha mama na mtoto vifuniko vya kuvutia hewa safi, akawapima, akarudia kuwapima. Alasiri akatoka akasema wote watakuwa wazima, mlikuja mapema. Akaeleza kuwa mkaa unaowaka hutoa hewa mbaya isiyo na harufu wala rangi, na chumba kikizibwa haina pa kutokea. Alimuuliza Mahfoudha kama ameshawahi kufanya hivi kabla.

"Maisha yangu yote," akajibu.

Daktari akamtazama. Mahfoudha akakaa kwenye benchi, viganja vimefungwa bandeji, akaanza kuzipita nyumba zote kichwani. Nyumba za Unguja zina tundu chini ya paa na madirisha ya vibao. Hapa Maskati watu hufungua milango ya ua, upepo unapita. Nyumba zote hizo zilikuwa zinamsaidia kazi na yeye hajui. Alidhani ni mkono wake. Kumbe ni madirisha. Akawawaza wazazi wote wale, watoto wote wale, na kidogo tu kilichowabakisha hai.

Loai akaja akakaa kando yake.

"Nitukane, mwanangu," akasema Mahfoudha. "Unayo haki."

"Nilikuona ukiliingiza jiko, bibi." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Mimi nnajua mambo haya, ndiyo kazi yangu. Nilitaka kusema. Nikaona haya. Nikasema, huyu ni mkubwa, amewakanda mama zetu, mimi nani wa kumfundisha? Nikavaa viatu vyangu nikaenda. Mke wangu na mwanangu, na mimi nimeona haya."

Akajifunika uso akalia, mwanamume mzima, mbele za watu. Mahfoudha alimwekea mkono wenye bandeji mgongoni. Na yeye si alimwona akifungua mdomo? Si alifurahi alipoufunga?

Badr alifika kutoka Maskati kabla ya magharibi, hata kanzu ya ofisini hakubadilisha. Alimtazama mama yake mikono.

"Khalas, mama. Twende nyumbani. Imetosha."

Na Mahfoudha alitaka kwenda. Alitaka chumba chake, kitanda chake, mlango aufunge mtu asimwite. Alisimama ili amuage Maram.

Maram alikuwa amekaa kitandani, mtoto ananyonya. "Unakwenda wapi?" akamuuliza.

"Nyumbani, mwanangu. Nimekaribia kukuua. Utatafutiwa mwingine."

"Mama hakusema mwingine."

Akasema hivyo tu, kisha akageukia mtoto, kama mtu aliyekwisha maliza mazungumzo. Mahfoudha akamtazama Loai. Loai akasema, "Rudi nasi, bibi. Lakini safari hii nikiona kitu nitakwambia. Hata ukinuna."

"Nitanuna," akasema Mahfoudha. "Sema hivyo hivyo."

Wakarudi jabalini hospitali ilipowaruhusu. Loai alibandika ukutani kidude cheupe kinachopiga kelele hewa ikichafuka, akaliwacha dirisha dogo wazi, akalivisha bomba sponji nene. Gunia la mkaa alilipeleka mwenyewe mbali kule bustanini. Hita ikawashwa, na Mahfoudha akailaani kimoyomoyo, ila hakuizima. Jioni alipopita jikoni akasikia uzi wa maji unaanguka kwenye beseni. Mkono ukamwasha. Akaweka ndoo chini yake ili maji yale asubuhi yafulie nepi, akapita.

Siku ile jua lilijificha mapema nyuma ya jabali, na baridi ikashuka kama jana na juzi. Hita ilikuwa inajitahidi pembeni. Mahfoudha alimkanda Maram kwa viganja vilivyofungwa bandeji, taratibu, kwa shida, akamfunga tumbo, akamlaza juu ya kitanda cha kamba na chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo. Mtoto alikuwa kwenye susu lake karibu na hita. Kisha Mahfoudha akajitandikia kigodoro chake mlangoni, akakaa, akaanza kuyasugua magoti.

Maram alikuwa anatetemeka. Kamba za kitanda zilikuwa zinalia.

"Bibi," akasema baadaye. "Mkaa kidogo tu. Na mlango tuuache wazi."

"Hapana."

"Kidogo, bibi."

"Maram, mkaa umekwisha katika maisha yangu. Nitakupa blanketi langu."

Akainuka, akamletea blanketi lake la pekee, akamfunika, akamchomekea pembeni. Alipogeuka kurudi kwenye kigodoro, Maram akamshika nguo.

"Na wewe? Unaona baridi?"

Mahfoudha alisimama. Amelala mlangoni mwa nyumba nyingi sana, na amewapa joto wanawake wengi, wa mawaziri na wa madereva. Alijaribu kumkumbuka mmoja aliyewahi kumuuliza hilo. Alitaka kusema hapana, kama ilivyo kazi yake, lakini jibu jingine lilimtoka.

"Nnaona, mwanangu," akasema. "Nnaona baridi tangu siku nilipofika."

Maram akainua blanketi.

Mkandaji halali kitanda cha mzazi. Hilo ni jambo la adabu, Mahfoudha mwenyewe amewafukuza wasichana wengi kwa kosa hilo. Alisimama pale kidogo, akatazama kidude cheupe ukutani, akatazama dirisha lililo wazi upana wa kidole. Kisha akavua shali, akapanda. Kitanda cha kamba hakina ukarimu kwa watu wawili, kiliwasukuma wote wakakutana katikati, mgongo kwa mgongo. Hapo Maram akazisogeza nyayo zake nyuma na kuzibandika kwenye mapaja ya bibi. Zilikuwa baridi kama barafu.

"Loh! Miguu ya mama yako hiyo!" akapiga kelele Mahfoudha, na Maram akacheka mpaka mshono ukamuuma.

Joto likaja pole pole, mpaka magotini. Jikoni maji yalikuwa yanaanguka kwenye ndoo, na mtoto alikuwa anapumua vizuri. Mahfoudha alisema atamsikiliza kwa muda kidogo tu, kisha ashuke akalale pahala pake. Usingizi ukamchukua kabla ya mzazi wake, na safari hii mtoto alipolia, aliyeamka alikuwa Maram.